Siku saba, gari moja, kisa kimoja: kupanga safari ya historia Kusini mwa Marekani

Swali: Juni shule zikifungwa, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 15 na 9, tunatoka Tanga kwenda Atlanta kwa dada yangu mkubwa. Tumejitengea siku saba za kukodi gari na kuzunguka maeneo ya historia. Mume wangu anataka Washington na uwanja wa vita wa Gettysburg, mimi nataka Memphis alipouawa Martin Luther King, na mtoto mkubwa anataka New Orleans. Hatuli nguruwe. Tupange vipi, siku zisije zikaishia ndani ya gari?

Jibu: Dada yangu, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo, nipokelee salamu. Kazi yangu ni kupanga safari za namna hii na kuongoza wageni wa kwetu huku Kusini, na barua yako inafanana na nyingi ninazozipata. Watu hufungua ramani, wakatia alama kila jina walilowahi kulisikia, kisha wakaziunganisha alama hizo kwa mstari. Mstari wenu unakwendaje? Atlanta hadi Washington ni kilomita 1,030 hivi, karibu saa kumi za usukani bila kuhesabu foleni. Gettysburg iko kilomita 130 mbele zaidi, kaskazini. New Orleans iko upande mwingine kabisa, kilomita 750 kutoka Atlanta. Mkijaribu yote, watoto watakumbuka vituo vya mafuta.

Safari ya historia hupangwa kwa kisa. Chagueni kisa kimoja mkifuate kwenye barabara yake, kwa mpangilio ambao miguu na macho yataelewa. Kwa kuwa mnafikia Atlanta, kisa kiko mlangoni penu: namna watu weusi wa Kusini walivyodai haki zao za kiraia, kuanzia mgomo wa mabasi wa 1955 hadi risasi ya Memphis ya 1968. Atlanta, Tuskegee, Montgomery, Selma, Birmingham, Memphis. Miji hii imepangana vizuri mno, na vipande vyote isipokuwa cha mwisho ni vya saa mbili na nusu au chini ya hapo. Kwa shemeji, pole. Gettysburg na Washington ni safari moja nzuri ya peke yake, na mahali pa kuianzia ni Washington. Hata hivyo hatakosa vita yake, kama nitakavyoonyesha.

Anzeni Jumanne. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalowaharibia wengi. Makumbusho makubwa ya Montgomery hufungwa Jumatatu na Jumanne, ya Memphis hufungwa Jumanne, na taasisi ya haki za kiraia ya Birmingham huwa wazi Jumamosi lakini si Jumapili. Mara yangu ya kwanza nilifika Montgomery Jumatatu asubuhi na familia ya watu sita, tukashinda tukisoma vibao vya nje ya mageti. Mkianza Jumanne, Montgomery inaangukia Jumatano na Alhamisi, Selma Ijumaa, Birmingham Jumamosi, Memphis Jumapili. Ratiba hubadilika, kwa hiyo hakikisheni kila mahali wiki moja kabla. Tena tarehe 19 Juni ni sikukuu ya taifa ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Siku hiyo kuna shamrashamra nzuri mitaani, lakini ofisi nyingine hufungwa.

Jumanne ya Atlanta msiguse gari. Miili yenu bado itakuwa inahesabu saa za Tanga. Nendeni mtaa wa Auburn, ambako ndani ya eneo la kutembea kwa miguu mtakuta nyumba alimozaliwa King mwaka 1929, kanisa la Ebenezer alikohubiri yeye na baba yake, na kaburi lake na mkewe Coretta, marumaru nyeupe katikati ya bwawa la maji. Kuingia ni bure. Nyumba ile imekuwa na matengenezo, hivyo ulizeni kwanza kama inaingilika. Ndani ya kanisa la zamani kaeni tu kwenye viti. Mara nyingi sauti yake iliyorekodiwa husikika humo, na mtoto wa miaka tisa huelewa sauti kabla ya kuelewa tarehe.

Waambie watoto pia kwamba Atlanta inatujua. Mei 1959 King alihutubia karamu iliyoandaliwa mjini hapo kwa heshima ya Tom Mboya, wakati Mboya akizunguka Marekani kuwatafutia vijana wa Afrika Mashariki nafasi za masomo. Desemba 1963 Oginga Odinga alipofika, vijana wa harakati walikwenda kumwamkia hotelini, kisha wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakakataliwa kwa rangi yao, wakakaa pale pale hadi wakakamatwa. Hotelini mgeni wa Kenya alikuwa amepokewa kwa heshima, na hatua chache kutoka hapo mwenyeji mweusi hakuuziwa hata kikombe cha kahawa.

Jumatano asubuhi ndipo mnachukua gari. Mkivuka mpaka wa Georgia kuingia Alabama mnarudi nyuma saa moja: Atlanta ikiwa saa nne, Alabama ni saa tatu. Baada ya saa mbili hivi simameni Tuskegee. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1881 na Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, na wanafunzi wa mwanzo walifyatua matofali wenyewe wakajenga majengo yao. Fikra ya elimu ya mikono ya Tuskegee ilifika kwetu. Tume iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ambamo alikuwemo James Aggrey kutoka Gold Coast (Ghana ya leo), iliisifia sana, na shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilifuata mkondo huo. Wazee wetu waliibishania elimu hiyo, ikiwa ni ya kumwinua Mwafrika au ya kumweka chini, na kijana wa miaka 15 anaweza kuubeba ubishi huo. Saa mbili zinatosha hapo: makumbusho ya mwanasayansi George Washington Carver, halafu uwanja wa ndege wa Moton, walikofunzwa marubani weusi wa Vita vya Pili vya Dunia.

Montgomery mtalala usiku tatu, hoteli ile ile. Najua hesabu inakuambia uhamehame ili uende mbele, lakini kufungasha mizigo kila asubuhi na watoto wawili kunakula saa moja na nusu na kunavunja roho za watu. Mji huu ndio moyo wa safari, upeni nafasi.

Alhamisi, kabla jua halijawa kali, nendeni uwanja wa Court Square, penye chemchemi. Simameni na mgongo kwenye maji. Mlipo, watu waliuzwa kwa mnada, wakipandishwa kwa miguu kutoka bandari ya mto Alabama iliyo chini kidogo ya barabara ya Commerce. Jengo la pembeni, Winter Building, ndilo ilikotumwa simu ya maandishi ya Aprili 1861 iliyoruhusu kuishambulia ngome ya Sumter, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la serikali ya Marekani, na Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Hapo ndipo shemeji anapata vita yake. Na ni uwanjani hapo hapo, jioni ya tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alipopanda basi la kurudi nyumbani kutoka kazini, akakataa kumpisha abiria mzungu, akakamatwa. Watu weusi wa mji wakayasusa mabasi kwa siku 381, wakitembea na kupakiana kwenye magari, hadi ubaguzi ndani ya mabasi ukaondolewa.

Sasa tembeeni barabara ya Dexter kupanda kilima. Ni kama robo saa kwa mwendo wa mtoto. Karibu na juu, mkono wa kulia, kuna kanisa dogo la matofali mekundu alikokuwa mchungaji King kuanzia 1954 hadi 1960. Panda ngazi zake, geuka, utazame jengo jeupe la Capitol, makao ya serikali ya jimbo, karibu kiasi cha kuhesabu nguzo zake. Kwenye ngazi zile kuna nyota ya shaba kuonyesha alipoapishwa Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga kulinda utumwa. Chini ya ngazi hizo, tarehe 25 Machi 1965, King alisimama mbele ya watu wapatao 25,000 waliofika kwa maandamano kutoka Selma. Nimepapita mara nyingi na bado nashangaa jinsi vitu hivi vilivyobanana. Muacheni mtoto ahesabu hatua kutoka nyota hadi kanisani. Hatazisahau.

Mchana ni wa makumbusho ya utumwa na ukumbusho wa waliouawa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani, vyote vilivyofunguliwa mwaka 2018 na Equal Justice Initiative, taasisi ya wakili Bryan Stevenson. Tiketi moja, dola 5 mara ya mwisho nilipopeleka wageni, inaingiza hapo na pia kwenye bustani ya sanamu iliyo kando ya mto, iliyofunguliwa mwaka 2024. Hapa nawashauri mgawane. Makumbusho ni mazito, mna picha na sauti ambazo mtoto wa miaka tisa atakwenda nazo kitandani. Mzazi mmoja aingie na mkubwa, mwingine ampeleke mdogo makumbusho ya Rosa Parks yenye sehemu ya watoto, kisha mbadilishane. Ukumbusho wenyewe uko juu kilimani, na hapo mnaweza kwenda wote. Kuna nguzo za chuma zaidi ya 800 zenye rangi ya kutu, moja kwa kila kaunti, zimechongwa majina na tarehe. Mwanzoni ziko usawa wa uso wako, unasoma jina kama unavyomtazama mtu. Kisha sakafu inateremka taratibu na nguzo zinabaki zilipo, hadi mwisho unatembea zikining'inia juu ya kichwa chako. Shika mkono wa mdogo hapo.

Mtoto wa Tanga akiuliza haya yanatuhusu nini, mwambie habari ya amerikani, ile nguo nyeupe ya pamba ambayo bibi zetu waliijua kwa jina hilo. Baada ya mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo hiyo Zanzibar kwa majora wakaibadilisha na pembe za ndovu na sandarusi, nayo ikapanda bara na misafara ya wapagazi. Ilifumwa kaskazini, lakini pamba yake ilitoka mashamba ya Kusini, iliyochumwa na watumwa. Makumbusho yale ya Montgomery yamejengwa palipokuwa ghala la pamba.

Ijumaa ni Selma, kilomita 80 magharibi. Wageni wengi huitembelea wakiwa njiani kuelekea kwingine, nami nawaomba msifanye hivyo. Ondokeni mapema, saa moja asubuhi, mwende moja kwa moja bila kusimama, halafu mrudi Montgomery polepole kwa barabara ile ile namba 80. Hivyo mtakuwa mnasafiri upande walioelekea waandamanaji, na kila kituo kitakuja kwa zamu yake.

Selma si mji wa kitalii. Maduka mengi yamefungwa, na kimbunga cha Januari 2023 kiliongeza majeraha. Nunueni maji na chakula hapo hapo, senti zenu zina kazi. Anzieni kanisa la Brown Chapel, maandamano yalikoanzia, kisha liacheni gari mvuke daraja la Edmund Pettus kwa miguu. Jina lililoandikwa juu kwa herufi kubwa ni la jenerali wa majimbo ya Kusini. Daraja lenyewe limepinda kama mgongo wa ng'ombe, na ukiwa unapanda huoni ng'ambo. Unaona chuma na anga tu. Ukifika kileleni ndipo barabara ya upande wa pili inapofunguka yote kwa mara moja. Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965, watu kama 600 waliotaka haki ya kuandikishwa kupiga kura walipanda vile vile bila kuona, wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams, na walipofika pale juu wakawaona askari wa jimbo wamejipanga wakiwasubiri. Wakapigwa virungu na mabomu ya machozi. Simameni kileleni kabla ya kuwasimulia watoto. Daraja litakuwa limeshasimulia nusu.

Kurudi, simameni kituo cha kumbukumbu cha Lowndes, katikati ya njia. Katika kaunti hii watu weusi walikuwa wengi zaidi ya wazungu kwa mbali, lakini mwanzoni mwa 1965 hapakuwa na mpigakura mweusi hata mmoja aliyeandikishwa. Waandamanaji wa 21 hadi 25 Machi walilala kwenye mashamba ya wakulima weusi waliothubutu kuwapokea. Sheria ya haki ya kupiga kura iliposainiwa tarehe 6 Agosti mwaka huo na watu wakajiandikisha, wenye mashamba waliwafukuza wapangaji wao, na waliofukuzwa wakaishi kwenye mahema pale pale kituo kilipo leo. Watu husimulia daraja wakasahau mahema. Mbele kidogo kando ya barabara kuna jiwe la kumkumbuka Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, mzungu, aliyepigwa risasi usiku wa kumalizika maandamano akiendesha gari kuwarudisha watu. Pande hizi vituo vya mafuta ni vichache, jazeni tangi kabla.

Jumamosi ni Birmingham, saa moja na nusu kaskazini. Kila kitu kinazunguka bustani ya Kelly Ingram. Ndani yake kuna njia inayopita katikati ya sanamu za mbwa wa polisi wanaoruka kutoka kuta za pande mbili, na ukipita, meno yao yanakufika kifuani. Mei 1963 watoto wa shule, wengine wa umri wa mtoto wako mdogo, waliandamana hapo wakapigwa kwa maji ya mipira ya zimamoto na kupelekwa jela kwa mamia. Ng'ambo ya barabara ni kanisa la mtaa wa 16. Tarehe 15 Septemba 1963, saa 4:22 asubuhi, bomu liliua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Ulizeni kama mtaruhusiwa kuliona dirisha la vioo vya rangi lenye Kristo mweusi, lililotolewa na watu wa Wales waliochangishana baada ya kusikia habari hiyo.

Jumapili kuna kipande kirefu, kilomita 385 hadi Memphis, saa nne mkipumzika. Moteli ya Lorraine imehifadhiwa kwa nje ilivyokuwa, na shada la maua linaning'inia kwenye roshani mbele ya chumba namba 306. King alipigwa risasi hapo tarehe 4 Aprili 1968, saa 12:01 jioni. Mwambie kijana kwa nini alikuwa Memphis: wazoa taka walikuwa kwenye mgomo baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa na mtambo wa lori la taka tarehe 1 Februari. Makumbusho yaliyo hapo motelini yanahitaji saa tatu kamili. Jumatatu mwaweza kurudi Atlanta kwa gari, kilomita 630, lakini ningeliacha gari Memphis mkapanda ndege. Linganisheni ada ya kuacha gari mji mwingine na gharama ya mafuta pamoja na siku nzima barabarani.

Mambo ya usukani sasa. Shemeji achukue leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka Tanzania, na kama dada mkubwa ataendesha pia, jina lake liandikwe kwenye mkataba wa gari, la sivyo bima haimlindi. Amana hukatwa kwenye kadi, na mara nyingi wanataka kadi ya mkopo. Huku watu huendesha kulia, kwa hiyo ajizoeze asubuhi moja kwenye mitaa ya karibu na nyumbani kabla ya kuingia barabara kuu. Na jambo moja namsisitizia kila dereva wa kwetu. Nyumbani ukisimamishwa na trafiki, unashuka unamfuata. Huku usishuke. Egesha kulia, shusha kioo, mikono juu ya usukani, subiri aje, na usipekue mfuko kutafuta leseni kabla hujaambiwa.

Kuhusu chakula, samaki kambare wa kukaangwa ni wa kila mahali, bamia na kunde vilikuja na watu wetu kutoka Afrika na mtavifurahia. Lakini mboga za majani na maharage hupikwa kwa kawaida na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, hata zikiorodheshwa kama mboga tupu. Ulizeni kila mara, hata mafuta ya kukaangia. Joto la Juni ni kama la Tanga kwenye kiangazi, na radi za alasiri ni kawaida, ila ndani ya majengo viyoyozi huwekwa baridi kali. Kila mtu abebe kanga au sweta.

Kama mtaiba siku ya nane, itieni kati ya Birmingham na Memphis mpitie Jackson, Mississippi, kilomita 385 kwenda na 340 kutoka hapo hadi Memphis. Nendeni nyumba ya Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za watu weusi, ila ulizeni kwanza kama iko wazi. Haina mlango wa mbele. Aliichagua hivyo kwa usalama, mlango ukafunguliwa upande wa maegesho, na ni kwenye maegesho hayo alipopigwa risasi usiku wa tarehe 12 Juni 1963. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la Kenyatta. Na mwenzake katika kazi ya kuandikisha wapigakura jimboni humo, Bob Moses, baadaye alihamia kwetu na familia yake akafundisha hesabu Same hadi 1976, barabara hiyo hiyo mnayopita kwenda Moshi. Katika mpango huo Jackson ni Jumapili, Memphis itahamia Jumatatu, na makumbusho huwa wazi. Kurudi Atlanta kutakuwa Jumanne.